Kofuli la Banioni

Baba mpendwa,

Kamwene, kwa salamu ya kwetu. Shikamoo wewe, na shikamoo mama. Naamini magoti yake yametulia tangu mvua zianze kusitasita huko Rujewa, na kwamba bado anakuficha chumvi. Mimi ni mzima, ingawa upepo wa bandari hii ya Uingereza hupenya hata makoti mawili.

Mama amenieleza habari ya shangazi. Baba, uliponiambia kwa simu kwamba watu wa majaruba ya mpunga ya chini wanajifungulia maji kabla ya zamu, nilikujibu kwa haraka ya msomi. Nilisema anayeshika mlango hana haja ya kupigana, nikakutolea mfano wa Vita Kuu ya Kwanza: jinsi manowari za Waingereza zilivyozuia shehena za Wajerumani baharini mpaka njaa ikaingia majumbani. Ukacheka: "Kumbe na mimi nina manowari yangu hapa banioni, ila yangu haiendi popote." Kesho yake ukanunua kofuli, ukafunga lango la mfereji pale banioni, maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Sikujua kwamba shangazi, dada yako wa pekee, ambaye jaruba lake pia liko huko chini, alikuwa amepandikiza wiki hiyohiyo. Miche yake imenyauka wakati ulipokuwa ukisubiri wakosaji waje kukuomba radhi.

Tangu nisikie hayo nimerudia madaftari yangu. Tasnifu yangu inahesabu meli na njia zilizofungwa. Haiulizi vya kutosha ni nani aliyelala njaa, na mara nyingi hakuwa yule aliyeanzisha vita. Hata kuhusu iwapo mzingiro ule ndio ulioamua ushindi, wanahistoria hawajakubaliana, nami niliandika kana kwamba shauri limekwisha. Huenda ninakosea tena. Lakini bahari ile iliwatenga watu wasiojuana. Mfereji wetu ni wa watu wanaozikana.

Nasikia shangazi hapokei mkono wako kanisani, nawe unasema, "Aanze yeye, mimi ndiye kaka mkubwa." Baba, ni wewe uliyenifundisha desturi ya mfereji nikiwa bado nakubebea jembe: anayemaliza zamu ndiye anayeshuka kwa miguu hadi kwa jirani wa chini na kumwambia, "Maji yako yanakuja." Hakuna aliyeuliza nani mkubwa. Mama anasema kitalu chako kina miche ya ziada, na msimu haujafunga. Nakuomba ufungue lango, ubebe miche hiyo, ushuke.

Nisalimie mama, kaka Yohana na vumbi lake la mashine ya mpunga, na bibi, umwambie blanketi lake ndilo ninalojifunika.

Ukifika kwa shangazi, mpe salamu zangu mwishoni. Kwanza mwambie maji yake yanakuja. Kisha mwambie kwamba wazo la kofuli lilitoka kwangu.

Mwanao akupendaye,
Tumaini