Piano ya Mwalimu Agathe Ndani ya Mashine ya Ofisini

Jumapili jioni, Kigali, 1992

Na bado nauonea hasira huu mguu wangu.

Kila siku ofisini nachapa barua za mkubwa nikisikiliza sauti yake kwenye ile mashine ya kanda: nikikanyaga pedali inasema, nikiachia inanyamaza. Nikaiazima. Nikawaza, leo nikipiga fidla ukumbini Remera itanisubiri kila nikitaka kuvuta pumzi. Kwenye kanda ni Mwalimu Agathe na piano yake, kabla kiharusi hakijaulaza mkono wake wa kulia.

Nilisahau jambo ninaloliona kila siku ya kazi. Ukiachia pedali, kanda hurudi nyuma kidogo ili mchapaji asipoteze neno. Basi kwenye sehemu ya taratibu nikaachia, nikakanyaga tena, piano ikarudia noti tatu zilizokwisha kupita. Nikarudia na mimi kwenye fidla. Ikawa hivyo kila pumziko hadi mwisho, na watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyotungwa.

Niliyemwogopa ni Mwalimu tu, aliyeketi mstari wa mbele, mkono umefichwa ndani ya kitenge. Miaka yote aliyonifundisha hakuwahi kurudi nyuma kwa ajili yangu hata noti moja. Ukipotea, ulimkimbiza mwenyewe mpaka umfikie.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mwalimu, unisamehe. Mashine ilikuwa inarudi nyuma."

Siku hizi maneno yanamtoka kwa shida, na hilo linanitia hofu. Akanishika shavu kwa mkono ulio mzima.

"Mashine gani, mwanangu? Ni mimi nilirudi kukuchukua."