Nilificha Kiki ya Pikipiki Kuukuu ya Mume Wangu

Mshauri wetu, salamu. Nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, naomba tu jina langu lisitoke. Mume wangu ni wa bodaboda hapa Khwisero na tangu nimjue anaendesha pikipiki kuukuu ya marehemu baba yake, haina sensa wala kompyuta, ikiharibika anaikalia chini na spana mbili na waya, inaamka, lakini mimi niliogopa breki zake, mvua ikinyesha nilikuwa nasimama mlangoni mpaka arudi, kwa hivyo kaka yangu alipotuletea mpya yenye breki za kompyuta, zile zinazozuia gurudumu lisigande, nilishukuru Mungu. Mume wangu akakataa. Alikuwa anasemanga, "Hii inafikiria kabla yangu. Ile ya baba nikiibana naisikia mkononi."

Nikachoka kubishana. Siku moja akioga nikafungua kiki, kile chuma cha kukanyaga ndio iwake, nikakificha chini ya nguo za mtoto. Fundi akasema za aina hiyo hazipatikani tena, akawa anaisukuma ndio iwake, abiria wanamcheka, mwishowe akachukua mpya. Na kwa sababu rafiki yake wa stejini, nimwite Osiako, ana kuukuu kama ile, mume wangu akamwita mwizi mbele ya watu. Osiako akamuuliza, "Kiki ninayo, ya pili nikorogee uji?" Tangu hapo hawasalimiani.

Sasa hapa watu wa bodaboda wamezoea kuzima ufunguo kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Ile kuukuu alishuka nayo hivyo miaka yote. Akafanya vile vile na mpya, njia imelowa, ng'ombe akatokea, akabana breki zote akingoja kompyuta imsaidie, kumbe ufunguo ukizimwa nayo inalala. Gurudumu likaganda, akaanguka, paja la kulia likavunjika. Ni mwezi wa tatu yuko kitandani. Ananiambia, "Mama, ningekuwa nimeipata ile kiki nisingeanguka," halafu anamlaani Osiako, na mimi nakunja nguo za mtoto juu ya hicho chuma. Nikisema atanifukuza. Nikinyamaza nitaishi vipi?

Mwenye Siri, Khwisero

Dada wa Khwisero, pole sana. Hofu yako naielewa, lakini nitakugombeza.

Mume wako si mshamba. Mtu akipenda pikipiki anayoweza kuifungua mwenyewe kando ya barabara, hiyo ni akili ya kazi. Wewe ulimnyang'anya anayoijua, ukampa nyingine ambayo hakuna aliyemfundisha. Hata hivyo, paja usijibebeshe lote, ufunguo alizima yeye. Akipona, awe juu ya ipi, asizime tena mteremkoni, na umwambie hivyo bila kupunguza.

Jina la Osiako ndilo uliloliacha lichafuke, na hapo sina la kukutetea. Leo hii mwite nyumbani, mpikie chai, kisha uweke hicho chuma mkononi mwa mume wako Osiako akiwa ameketi hapo, useme, "Ni mimi." Usilie kwanza. Sema kwanza. Pengine hatakusemesha siku nyingi. Vumilia, ni haki yake.

Na kuna jambo nasikitika kulitaja. Kiki hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Mguu ule hautaiwasha pikipiki ya baba yake kwa muda mrefu, labda kamwe. Kila asubuhi atahitaji mtu wa kumkanyagia, na anayeijua pikipiki hiyo ni huyo mliyemwita mwizi.