Karatasi Nilizozichoma Ibra

Leo Jumanne. Nizwa ina baridi na upepo mkavu, midomo imenikauka tangu asubuhi, na nimelia mara mbili kazini, mara ya pili mbele ya watu.

Nimeharibu. Acha nianze na hilo.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu ni kutunza mimea mikavu katika chumba kimoja cha chuo: majani na maua yaliyobanwa, yakakaushwa, yakabandikwa kwenye kadi na kuandikiwa yalikotoka. Mwaka jana shangazi yangu Zuwena, dada yake marehemu baba, alinipa sanduku la babu. Babu alikuwa karani wa kilimo Unguja, na kwa mapenzi yake tu alikusanya mikole. Mkole ni mti mdogo wa vichakani. Vitabu vya zamani viliuweka katika ukoo mmoja na mlindeni, ule mti mkubwa wa Ulaya unaopandwa kando ya barabara. Wazungu wana makabati kwa makabati ya milindeni yao. Mikole ya babu ilikuwa arobaini na moja, ndani ya magazeti, chini ya kitanda cha shangazi huko Ibra; alivuka nayo bahari kutoka Unguja.

Nilijiona. Nilisema kazi hii naifanya peke yangu, asiiguse mtu.

Kanuni ni kupiga picha kila kielelezo kama kilivyo, pamoja na karatasi yake, kabla ya kukigusa. Picha nilipiga, lakini nilisogeza kamera mpaka mishipa ya jani ikaonekana vizuri, na kingo za gazeti zikabaki nje. Nikayatia friza wadudu wafe, kisha nikayabandua majani moja moja na kuyapanga kwenye kadi nyeupe. Magazeti yakabaki rundo mezani.

Pembeni mwa kila gazeti palikuwa na maandishi ya penseli, herufi za Kiarabu, yamefifia. Niliona Bismillahi. Yaliyofuata hayakuwa Kiarabu, nikadhani ni dua, labda kinga ya mchwa, maana wazee walikuwa na mambo hayo. Ningekaza macho nusu dakika ningejua kuwa ni Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu, kwa herufi walizosomea wao.

Sikukaza.

Na kwa kuwa jina la Mungu limo, sikuthubutu kuyatupa kwenye pipa la taka. Ndivyo nilivyolelewa: karatasi kama hiyo huchomwa mahali safi, na jivu lake hutiwa pasipokanyagwa. Ijumaa iliyopita nikayapeleka yote Ibra, nikawasha moto uani kwa shangazi. Ilikuwa asubuhi, baridi kweli. Macho ya shangazi yameingia ukungu, haoni ila vivuli. Akaniuliza karatasi gani hizo, nikamwambia magazeti ya kale tu, yana jina la Mungu. "Ahsante mwanangu, umefanya la heri," akasema, akavuta kiti karibu na kunyoosha mikono aote moto. Jivu tukalitia shinani mwa mtende.

Nilirudi Nizwa nikijisifu moyoni.

Leo asubuhi, nilipokuwa nagundisha kielelezo cha mwisho kwenye kadi yake, nimekuta kipande cha gazeti kimeganda nyuma ya jani kwa ute wa mti wenyewe. Nikakilowesha, nikakibandua kwa kisu chembamba. Nilipokuwa nakisubiri kikauke sikuwa na la kufanya, basi nikasoma.

"Bismillahi. Mkole. Njia ya Dunga, kando ya kisima cha pili. Mchumaji binti yangu Zuwena, kapanda juu mwenyewe."

Nikakaa sakafuni.

Babu aliandika mahali, kila mmoja na mahali pake. Jani kavu lisilojulikana lilikotoka halina faida kubwa kwetu. Msimamizi wangu anataka orodha Alkhamisi, na ameniambia, bila ukali, kwamba yasiyo na mahali hayataingia kwenye makabati. Yatawekwa kwenye boksi la kufundishia, wanafunzi wayashike mpaka yavunjike.

Mchana nikatia gari njiani. Tangu Nizwa mpaka Bidbid, pale njia inapokata kwenda Ibra, nilikuwa natunga uongo. Nitamwomba shangazi anitajie mahali popote anapopakumbuka, kisha mimi nitagawa: hili la Dunga, lile la Chwaka. Nani atajua? Waliojua wote wamekwisha kufa. Nakiri kwamba nilipofika Ibra nilikuwa nimeshagawa nusu.

Nikamwamkia shikamoo, nikaketi miguuni pake, nikamsomea kile kipande. Akanigeuzia sikio.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Baba kaniandika mie? Wallahi sikujua. N'kidhani ananichukua kumbebea mbao zake za kubania." Akacheka, akanyoosha mkono nimpe. Akapitisha kidole juu ya penseli asiyoweza kuiona. "Na nyengine je? Zote kaandika hivi?"

Nilitamani simu ilie, mlango ugongwe, lolote.

"Shangazi, nyengine ndizo zile za Ijumaa."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Kipande kimelala pajani, akatengeneza ukaya wake kichwani ambao haukuwa na kasoro. Nami, bila haya, nikaleta ombi langu papo hapo. Nikamwambia anitajie tu, hata kwa kukisia.

"La, la. Nilikuwa na miaka minane, n'taijuaje kila njia? Baba akiuliza wenye shamba, ndiyo akaandika. Usinitie mie uongoni uzeeni, habibti, na yeye usimsingizie kaburini."

Khalas. Uongo wangu ukaishia hapo.

Ninaloumia nalo zaidi ni kwamba sikuwahi kumwuliza. Miaka yote hii nala kwake kila Ijumaa, na siku aliponipa sanduku nilichouliza ni ufunguo uko wapi. Alikuwa pale pale, na kisima cha pili kichwani, na mti alioupanda kwa miguu yake. Mimi nikaona bibi kizee mwenye sanduku.

Nilipoaga akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Lakini moto ule ulikuwa mzuri," akasema. "Niliuota mpaka mikono ikapata joto."

Alikuwa ananitania, kama ada yake, ili nisiondoke nalia. Nikaondoka nalia.

Jina lake lilikuwemo mara ngapi katika zile arobaini? Hilo sitalijua, na yeye pia hatalijua.

Kesho nitaandika "mahali hapajulikani" kwenye kadi arobaini. Kompyuta nitaiacha, nitaandika kwa mkono, nataka vidole viniume. Kadi ya Zuwena nitaiandika mwisho.