Damu yangu kwenye kundi la wazima

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni kazini.

Si nilikwambia maabara yetu inapima damu za wanawake wenye vifuko kwenye ovari, ule ugonjwa wa homoni? Tunatafuta maikro-RNA, vile vipande vidogo sana ambavyo huenda vikaonyesha kama mwili umeanza kuisusia insulini, ile homoni ya kushusha sukari. Damu za wazima za kulinganishia zilipopungua, nikanyoosha mkono nitolewe yangu. Kwani mimi si mzima?

Leo bosi katuonyesha matokeo ukutani. Kila damu ni doa moja: wagonjwa kushoto, wazima kulia, na doa moja la wazima limeenda kujikalia katikati ya wagonjwa. Akanigeukia mimi: "Lebo unabandika wewe. Umechanganya chupa!"

Nikawaka. Mimi? Nichanganye chupa, mimi? Nikasema mbele ya wote, silikubali hilo, tuangalie namba ya chupa. Nikaenda kuisoma mwenyewe, tena kwa sauti.

Namba yangu, shoga. YANGU.

Nikaushika mkono niliotolewa damu. Bosi akaelewa, akasema polepole, "Basi hukukosea."

Hukukosea! Bora ningekosea!

Ananiambia eti huu ni utafiti tu, siyo kipimo cha hospitali, nisijihukumu. Sawa. Na hedhi inayokuja ikijisikia, niliyokuwa nasema ni uchovu? Na ndevu ninazonyoa kabla mume wangu hajaamka?

Kesho naenda kwa daktari, na wewe unanisindikiza.

Mama usimwambie kitu. Yeye anajisifu kwa majirani kwamba nimenenepa kwa raha.