Gari ya Marehemu Inasita Mlimani

Bi Nasriya wangu, nakuandikia moyo umejaa furaha na hofu, nishike mkono, mimi ni bibi harusi wa mwezi huu hapa Mawaleh, na mume wangu Yazid, Mungu anihifadhie, ndiye niliyemuomba katika kila sala, ananimenyea chungwa, ananiita "nuru yangu" mbele ya mama yake bila ya haya, lakini ndani ya raha hii limo jambo moja, gari. Ni gari kuukuu ya otomatiki aliyoiacha marehemu mkewe wa kwanza, Wadha. Asubuhi inakwenda kama hariri, lakini ikishapata moto, tukipanda mlima wa Amerat, injini inanguruma peke yake na gari haiendi, inasita, halafu gia inaingia kwa kishindo, na kishindo hicho, Bi Nasriya, ni kama mtu ameketi kiti cha nyuma. Kila mara Yazid hutazama kioo, hutabasamu, husema taratibu, "Haya, twende." Haniambii mimi.

Mama mkwe, Bi Masouda, ananiambia, "Mwanangu, gari ina mwenyewe hiyo. Nnakwambia, Wadha hajakuridhia." Asubuhi chini ya gari huwa pana matone mekundu, yeye huyafukia mchanga huku akisoma dua, kisha huifukiza gari udi mpaka macho yatuwashe, kwa sababu ya harufu ya kuungua iliyomo ndani. Nilimwomba Yazid tuipeleke kwa fundi, akanishika uso kwa mikono miwili, "Nuru yangu, fundi akiigusa itakuwa gari tu," nami nikayeyuka. Ijumaa tunapanda tena na ukoo mzima kwenda karamuni kwa wifi, na Bi Masouda anataka kwanza niende kaburini nimwombe Wadha ruhusa ya kukaa na mume wangu. Niende? Nikikataa, atasema nirudishwe kwetu.

Balqis, Mawaleh

Balqis mwanangu, hongera, sasa punguza kuyeyuka unisikilize. Marehemu huombewa dua, haombwi ruhusa. Matone yale si damu. Mafuta ya gia aghalabu huwa mekundu, na yenu yanavuja. Yaliyobaki yakipata moto hayana nguvu ya kushika gia, ndiyo maana injini inanguruma na gari imeganda. Harufu hiyo ni mafuta yanayoungua, nanyi mnaifunika kwa udi! Gia ikiachia kwenye mlima ule mtarudi kinyumenyume na ukoo mzima. Ijumaa pandeni teksi. Bi Masouda akinuna, anune.

Fundi apime mafuta, atafute panapovuja, aisome gari kwa kompyuta. Yakiwa meusi, huenda ikabidi gia ifunguliwe.

Lakini maneno ya mumeo yaliyokuyeyusha, mimi yamenisimamisha nywele. Yazid anajua gari ni mbovu. Anaogopa ikipona, kiti cha nyuma kitanyamaza. Anakupenda, sina shaka, ila yuko tayari kuwapandisha mlimani nyote mlio hai ili asikie kishindo kimoja cha aliyekufa. Usimkaripie, wala usimwonee wivu maiti. Mwambie leo, "Mimi sipandi." Kisha gari ibebwe, isiendeshwe, mpaka gereji za Wadi Kabir, nanyi mfuatane nayo. Ufunguo ampe fundi yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Akilia mbele ya watu, simama karibu naye, usimnyamazishe.