Karatasi Iliyosema Umepotea

Simiyu, ndugu yangu niliyetahiriwa nawe siku moja,

Leo tumekuzika. Mwili wako umebaki Burma, kwa hiyo kaburini tumelaza shina la mgomba, tukalifunika na blanketi lako. Mama yako ndiye aliyetaka hivyo. Mimi ndiye niliyechelewesha mazishi haya karibu mwaka mzima, kwa sababu ya neno moja.

Karatasi ya jeshi ilifika Malakisi kabla yangu. Niliporudi, mama yako alinipa nimsomee, maana najua Kiingereza kidogo cha misheni. Haikusema umekufa. Ilisema hujulikani ulipo. Akaniuliza, "Wanjala, hiyo ni kusema nini?" Nikajibu, "Mama, wanasema amepotea." Uso wake ukafunguka. "Basi atapatikana. Si hata ng'ombe akipotea hutafutwa?" Nikanywa uji wake, nikaenda zangu.

Unakumbuka tulivyoandikishwa Kitale, tukaacha mahindi ya yule mzungu yakiwa hayajavunwa? Kambini walitufundisha maneno ya vita kama watoto wa darasa la kwanza: handaki, adui, kuvizia, mateka. Wewe ulicheka, ati mateka ni sisi tunaolishwa maharagwe yenye wadudu. Kisha tukafika Burma tukajifunza upya. Handaki lilikuwa shimo la matope, na ndani yake mguu wa mtu, buti bado limefungwa kamba. Kuvizia ni sajini wetu kukatwa koo hatua tano kutoka nilipokuwa nimechutama.

Asubuhi ile ulitoka kumvuta majeruhi aliyekuwa akimlilia mama yake. Nilikushika mkanda. Ukasema, "Niache bana, huyu analia sana." Ukamfikia. Ukamshika mkono. Kombora likaanguka.

Nilipofungua macho hamkuwapo, wewe wala yeye. Nyama yako ilikuwa kwenye ndevu zangu, Simiyu. Tukaamriwa kurudi nyuma. Afisa hakuona maiti, akaandika alivyoandika. Sikumwambia nilichoona. Sikuweza.

Mama yako akaanza kwenda stesheni ya Bungoma. Gari la moshi likileta askari, alisimama pale na kikapu cha ndizi mbivu, akiwashika mikono vijana wa watu: "Hamkumwona Simiyu?" Nilisikia habari hizo nikiwa nimerudi kazini Kitale, nikajifanya sijasikia.

Wiki iliyopita nilishuka stesheni hapo, nikamkuta kwa macho yangu. Askari mmoja mlevi alimsukuma, akaanguka kwenye kokoto, paji la uso likapasuka. Nikamrukia yule kijana. Nilimpiga mpaka watu wanne wakanitoa juu yake, na meno yake mawili yakabaki chini. Nilipogeuka, mama yako alikuwa ananitazama, damu inamshuka mpaka kidevuni.

"Wanjala, si huyo unapiga. Sema kitu umeficha."

Nikamwambia pale pale, tumekaa chini. Nilimwambia yote, isipokuwa ile ya ndevu.

Alinipiga kofi. Akanipiga tena, na tena, mpaka mkono wake ukachoka. Kisha akauliza jambo moja tu: "Yule aliyekuwa analia, mtoto wangu alimfikia?"

"Alimfikia, mama. Alikuwa amemshika."

Halafu akaokota ndizi zake, akazipangusa vumbi na kitambaa cha kichwa, akawagawia askari waliosimama, hata yule niliyemvunja meno. Tukarudi Malakisi kwa miguu, mimi nyuma yake.

Nisamehe, ndugu yangu. Nilimwacha asimame juani mwaka mzima kwa sababu niliogopa machozi yake kuliko nilivyowaogopa Wajapani.

Kazi ya Kitale nimeiacha. Mvua ikianza nitalima shamba la mama yako kwanza, langu baadaye, na itakuwa hivyo kila mwaka mpaka jembe linishinde. Lala salama sasa, Simiyu. Mama yako yuko ndani ya nyumba yako analia, na mara hii sitaondoka.

Wanjala