Chafya Si Kikohozi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya ghala la mbegu.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mjomba mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Mgongo wako unaendeleaje? Ulisema kazi ya kusimama kutwa inakutesa, na tangu siku ile Mama hakai bila kuutaja, utadhani ni yeye anayeubeba. Mkaza mjomba hajambo? Na watoto je? Sisi tu wazima, isipokuwa Mama, ambaye hali yake unaijua. Kila Jumatatu na Alhamisi tunampeleka hospitali kusafishwa damu, na akirudi hana nguvu hata ya kushika kikombe. Lakini ulimi wake, Mjomba, bado uko kazini.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nikitaja gari ulilotuachia unacheka na kusema, "Hilo halifi, litatuzika sote." Zamani utani huo ulinifurahisha. Sasa nataka unisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu unijibu swali moja.

Macho ya Baba yamepungua nuru, kwa hiyo dereva ni mimi. Leseni yangu bado inanuka wino. Kazini niko masijala, ambako hatari kubwa kuliko zote ni faili kuwekwa kwenye rafu isiyo yake, na hata hilo huninyima usingizi. Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo akishika usukani wa gari lililomzidi umri, mama yake amelala kiti cha nyuma.

Mwezi uliopita gari lilianza vituko. Mlimani, ambako nilitarajia litushinde, lilipanda bila taabu. Lakini likifika kwenye taa za barabarani, au nikiachia mafuta nyuma ya lori, lilitetemeka, likatoa puf! moja chini ya boneti na kutaka kuzima. Breki nayo ikawa ngumu, ikabidi niikanyage kwa mguu mzima. Nilipomwambia Baba alicheka, "Hiyo ni miguu ya karani. Imezoea zulia." Nami nikaamini ni kweli.

Baba alilipeleka kwa fundi wa nyuma ya soko, yule tunayemwita Fundi Hewala kwa kuwa hajawahi kumkatalia mteja neno. Akamwambia, "Linakohoa. Linakunywa petroli mno, lipunguzie." Fundi akaitikia hewala, akazungusha skrubu ya kabureta, petroli ikapungua. Hakuchomoa hata plagi moja kuitazama. Aliambiwa linakohoa, akatibu kikohozi.

Alhamisi tukaondoka kwenda hospitali. Unapakumbuka pale barabara inapokatiza reli, kabla ya kiwanda cha matofali? Nilipunguza mwendo nikakanyaga breki. Magurudumu ya mbele yalivuka chuma cha kwanza, gari likapiga puf! likazima. Tulikuwa katikati ya reli, Mjomba.

Niliwasha. Likazunguka, lisishike. Nikawasha tena. Mlinzi wa kizuizi alitoka kibandani na kitambaa chekundu akipiga kelele, "Dada, toa gari! Dada, inakuja hiyo!" Honi ya treni niliisikia, ila treni yenyewe sikuiona kwa sababu ya kona. Baba alifungua mlango, akatoa mguu mmoja nje. "Shukeni! Shukeni wote!" Lakini Mama hashuki garini kama wewe na mimi. Kushuka kwake ni safari.

Ndipo sauti yake ikatoka nyuma, ya chini, kama mtu anayeomba chumvi mezani. "Hili halikohoi. Linapiga chafya. Kaka likimpigia chafya huvuta choki."

"Injini ina moto, mama we!" Baba alifoka. "Ukivuta choki utaizamisha kwa petroli!"

"Vuta, mwanangu."

Sijui kwa nini nilimsikiliza aliyelala nikamwacha aliyefoka. Nilivuta. Gari likashika, likanguruma, nikaachia klachi vibaya na tukaruka ng'ambo kama chura. Kizuizi kikashuka nyuma yetu. Treni ilikuwa ya mizigo, ndefu. Niliweka kichwa kwenye usukani mpaka behewa la mwisho likapita. Nilipokiinua, Baba bado alikuwa ameushikilia mlango wazi, mguu mmoja nje. Kwenda hospitali na kurudi, niliendesha choki ikiwa nje kidogo, na halikuzima tena.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini, tukaenda kwa fundi, mimi na Baba. Nilimwambia gari halikohoi, linapiga chafya.

"Chafya?" Fundi aliacha kufuta mikono. "Inatokea wapi, mbele au nyuma?"

"Mbele, chini ya boneti."

"Mzee! Mbona hukusema?"

"Nilikuambia linakohoa."

"Kikohozi hutoka nyuma, kwenye ekzosi, na moshi mweusi. Hicho ni cha gari lililoshiba petroli. Chafya hutoka mbele, kwenye kabureta, na mwenye chafya ana njaa. Hewa nyingi, petroli kidogo. Sasa mimi nimemkuta mwenye njaa, nikamnyang'anya sahani!"

"Si wewe uliyesema hewala?" Baba alimjibu.

"Mzee wangu, mimi hewala namwambia kila mtu."

Alichomoa plagi, nazo zilikuwa nyeupe kama chaki, dalili ya njaa hiyo. Nikamweleza habari ya choki. Alisema injini yenye moto ikipenda choki, ujue inavuta hewa kutoka mahali isipopaswa. Baba alikuwa na haraka. Akamwambia fundi alirudishie gari petroli yake, aongeze na kidogo juu, twende zetu. Nikauona mdomo wa fundi ukijikunja kutamka hewala.

Nikasema, "Hapana."

Unanijua, Mjomba. Sijawahi kumpinga Baba hata chumbani, sembuse mbele ya watu. "Baba, tukiongeza petroli tu tutakuwa tumelifunika tatizo. Hewa inaingia wapi?" Baba akavuta gurudumu kuukuu lililolala pale, akalikalia. Kwake hiyo ni ruhusa.

Injini ikawashwa. Fundi alichukua chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, akawa ananyunyiza kwenye maungio ya kabureta, moja baada ya jingine, huku ametega sikio. Alisema maji yakiziba ufa, mlio utabadilika. Haukubadilika popote. Mwisho akaniuliza, "Na breki ikoje?"

Baba alianza kile kicheko cha miguu ya karani, akakikatisha mwenyewe.

Fundi aliniambia niingie nikanyage breki. Nilipokanyaga tu, injini ikayumba na kupiga chafya. Akaingiza mkono nyuma ya injini, akaufuata mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kusaidia breki. Kwa chini, mahali jicho halifiki, ulikuwa umezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kufungwa fundo. Tyubu ilikuwa imekauka na kupasuka, na hewa ikipenyea hapo. Fundi alipoubana mpira kwa kiganja, injini ilitulia palepale. Akiachia, inatetemeka. Akibana, inatulia. Ugonjwa wa mafuta na ugumu wa breki, vyote vilikuwa mle kiganjani mwake.

"Nani alifunga hiki?" aliuliza.

Baba aliinama akatazama. "Shemeji."

Usikasirike, Mjomba. Baba anasema uliufunga njiani siku mlipokwama, mkafika nyumbani salama, ukaahidi kuweka mpira mpya kesho yake. Kisha safari yako ikaja.

Fundi ameweka mpira mpya na kuirudisha skrubu mahali pake. Breki sasa ni laini hata kwa miguu ya zulia. Alitaka kukitupa kile kipande, nikamwomba nikampelekea Mama. Alikigeuza-geuza vidoleni. "Fundo lake hili," alisema. "Ndivyo alivyonifunga viatu nilipoanza shule. Nilishindwa kulifungua, nikawa namsubiri getini anifungulie." Amekiweka kwenye droo ya dawa zake.

Kesho tunapita tena pale relini. Leo nimeliwasha gari mara nyingi na sijasikia kitu, lakini masikio yangu hayajapona. Jana Jumamosi, siku yetu ya nusu kazi, mkuu wa masijala alipiga chafya, nikakanyaga breki chini ya meza.

Sasa swali langu. Gari hili umelitunza miaka mingi, na mikono yako haijui kukaa bure. Je, kuna mahali pengine ulipofunga fundo kwa haraka ukasema utarekebisha kesho? Kwenye usukani, kwenye bomba la petroli, popote. Usicheke wala usinifiche. Najua barua hii haitakufikia kabla hatujavuka kesho, lakini Alhamisi tutavuka tena, na Jumatatu ya pili yake. Ukishasoma piga simu. Nitapokea mimi.

Msalimie mkaza mjomba, na Kidosho, na yule mdogo wake asiyependa kuvaa viatu. Baba anakusalimu, na safari hii amesema bila kuulizwa. Mama anasema upumzishe mgongo.

Mungu akulinde huko uliko, na yote uliyoyafunga kwa haraka ayashikilie mpaka tuyafikie.

Ni mimi mpwa wako, anayekupenda na kukusubiri,
Karani